Kufika Positano (Italia) na mama mzee: Sorrento, Salerno au nikodi gari?

#1 Baba Zuhura
Wakuu salaam. Mwezi wa saba nina safari ya Italia: mimi, mke, mama mzazi (magoti yanamsumbua) na mtoto wa kusukumwa kwenye kigari. Tunashukia Roma, Fiumicino. Shemeji aliyeko Bologna katulipia nyumba Positano, yeye na wanawe watatukuta huko huko. Zawadi haikataliwi, ila kila ninayemuuliza njia ananipa ya kwake. Mmoja kasema treni mpaka Sorrento halafu basi. Mwingine kasema achana na Sorrento, pitia Salerno upande boti.

Kwa hesabu zangu naona gari la kukodi ndilo linalolipa. Mabegi mengi, mama hawezi kupanda na kushuka kila saa, na mimi nimeendesha Dar–Arusha usiku kwa usiku, sidhani kama barabara ya Italia itanishinda. Walioko huko nipeni ukweli.

#2 Mpogoro wa Napoli
Karibu Kampania. Gari litoe kichwani kabla hujalipa. Barabara ya pwani ile, SS163, ilichongwa ubavuni mwa mlima karne ya 19, enzi za magari ya farasi, na sehemu nyingi upana ni ule ule. Ukikutana na basi kwenye kona, mmoja lazima arudi nyuma. Huyo mmoja ni wewe.

Halafu kuna zamu za namba. Wikendi za majira ya joto na Agosti yote, saa 4 asubuhi mpaka saa 12 jioni, magari yanapita kwa zamu kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba ya gari, shufwa au witiri. Gari la kukodi utapewa lililopo, huchagui namba.

#3 Chuma Ulete
Naongezea kwa mkuu wa #2. Leseni ya Bongo peke yake haitoshi, uwe na ile ya kimataifa pia. Na ukikatiza Napoli mjini ukaingia maeneo ya kamera (wenyewe wanaita ZTL), faini inakufuata mpaka nyumbani. Jirani yangu hapa Padova alipokea barua miezi kadhaa baada ya safari, na kampuni ya gari ilishamkata ada yake ya kutoa jina lake kwa polisi. Ada hiyo haimo ndani ya faini, ni juu yake.

#4 Malindi Kwetu
Dar–Arusha na Positano wapi na wapi 😂 Wataliano wanakuja kwetu Malindi na Watamu tangu sijazaliwa, na sijasikia hata mmoja akiuliza apande matatu gani. Anapokelewa uwanjani Moi, anawekwa kwenye gari, analala mpaka hotelini. Baba Zuhura, na wewe lipa mtu akupeleke. Ndio uungwana.

#5 Baba Zuhura
Asanteni. Malindi Kwetu, huyo mtu wa kunipeleka ni bei gani?

#6 Mpogoro wa Napoli
Gari binafsi na dereva wake, Napoli stesheni mpaka Positano, ni zaidi ya euro 100, na Julai inapanda kutoka hapo. Kwa familia yenye mzee na mtoto si pesa ya kutupa hata hivyo. Ukichukua teksi nyeupe za foleni, zina bei zilizopangwa kwa safari maarufu. Itaje bei hiyo kabla mlango haujafungwa, sio ukishafika.

#7 Kisu cha Mkate
Zaidi ya mia kwa kilomita sitini? Huo ni wizi wa mchana. Wanajua wanaokwenda ni Wamarekani.

#8 Dereva Mtulivu
Sio wizi. Mimi ni dereva hapa Italia, sio mkoa huo lakini kazi ni ile ile. Kilomita sitini unazozisema, Julai ni saa mbili kama Mungu kapenda. Kutoka Castellammare unaingia foleni, Meta unaiacha moja unaingia nyingine. Na kurudi unarudi mtupu, maana huruhusiwi kuokota abiria mji usio na leseni yako. Abiria analipia kwenda na kurudi bila kujua.

#9 Kisu cha Mkate
Sawa, lakini mafuta ni yale yale na mshahara ni ule ule. Kule bei inapangwa kwa kuangalia viatu vya abiria.

#10 Mtoto wa Reli
Tuache teksi, twende kwa wananchi. Njia ya Sorrento iko hivi. Fiumicino unapanda Leonardo Express mpaka Roma Termini, nusu saa na dakika mbili. Termini unachukua treni ya kasi mpaka Napoli Centrale, saa moja na dakika kumi hivi. Pale Napoli unashuka chini, stesheni ya Garibaldi, unapanda Circumvesuviana mpaka mwisho wa reli, Sorrento, saa moja na kidogo. Nje ya stesheni ya Sorrento yapo mabasi ya SITA yanayokwenda Positano na Amalfi, kama saa moja mpaka Positano. Tiketi nunua mapema kwenye duka la tabacchi au baa, usitegemee dereva. Ukikaa upande wa kulia unaiona bahari yote.

Jumla nauli ya Napoli–Positano kwa mtu haifiki hata euro kumi. Kisu cha Mkate, hiyo ndiyo yako.

#11 Mpogoro wa Napoli
Mtoto wa Reli umesema kweli yote isipokuwa joto. Circumvesuviana mwezi wa saba, behewa la zamani lisilo na kipoza hewa, watu wamesimama kifua kwa kifua na mabegi, na wachomoaji wanapanda Garibaldi wakijua wewe umeshika begi kwa mikono miwili. Kuna treni ya watalii, Campania Express, vituo vichache na bei juu zaidi, kwa msimu tu. Kwa mama mzee ningeitazama hiyo.

Na pale Garibaldi kaeni macho. Majukwaa ni yale yale kwa treni za Sorrento, Sarno, Baiano na Poggiomarino. Ya Sorrento kwa kawaida ni jukwaa namba 3, lakini amini ubao, usiamini mimi.

#12 Shangazi Tumaini
Hiyo treni ya Poggiomarino ndiyo inayowapoteza wanaotaka magofu ya Pompei. Magofu yako kituo cha Pompei Scavi–Villa dei Misteri, njia ya Sorrento. Wengine wanaona jina Pompei kwenye njia ya Poggiomarino wanapanda, wanashushwa Pompei Santuario, kanisani. Pazuri kusali, ila umekuja kuona magofu, unatembea.

#13 Binti Wete
Mnamchosha mama wa watu kwa treni mbili tatu na basi. Salerno! Treni ya kasi kutoka Termini ile ile inaipita Napoli mpaka Salerno, hata saa mbili na nusu haifiki. Ukitoka stesheni Salerno unateremka moja kwa moja baharini, dakika chache kwa miguu hata kwa mwendo wa mama, unafika gati ya Piazza della Concordia. Boti za Travelmar zinapita Amalfi halafu Positano, kwenye saa moja na robo. Upepo, bahari, hakuna kona hata moja. Sisi wa visiwani tunajua boti ni nini.

Begi kubwa linalipiwa kidogo zaidi, na boti hizo ni za msimu tu, kuanzia Aprili hivi mpaka vuli. Julai umo ndani.

#14 Malindi Kwetu
Binti Wete umesahau kusema mama akitapika nani anafuta.

#15 Binti Wete
Kwenye zile kona za SS163 ndiko watu wanakotapika. Waulize waliopanda basi.

#16 Mama Shughuli
Nimesoma yote na hakuna aliyeuliza swali la maana. Mimi nimefanya kazi ya vyumba hotelini pwani hiyo misimu kadhaa. Positano si mji wa kulala, ni mji wa kusimama. Umebandikwa kwenye mlima kuanzia ufukweni mpaka juu barabarani, na katikati ni ngazi. Kwa hiyo swali si Sorrento au Salerno. Nyumba iko juu au chini?

Basi la SITA halishuki ufukweni. Linakupa vituo viwili tu, vyote juu kwenye barabara kuu: Chiesa Nuova ukitokea Sorrento, na Sponda ukielekea Amalfi. Kutoka hapo unateremka. Boti ni kinyume, inakushusha gatini Spiaggia Grande, chini kabisa, hapafiki gari. Kutoka hapo unapanda. Wageni wangu waliofika kwa boti na kulala juu niliwajua kwa nyuso kabla hawajasema jina. Shati limelowa, begi la magurudumu limebebwa kifuani kama mtoto, maana magurudumu kwenye ngazi ni mzigo tu.

Wapo wapagazi pale gatini, wanalipwa kwa begi. Wape mabegi, usione haya. Saruji na matofali ya ujenzi huko mpaka leo kuna sehemu yanapandishwa na nyumbu, kwa hiyo wewe na sanduku lako usijione shujaa.

#17 Baba Zuhura
Mama Shughuli Mungu akubariki. Nimempigia shemeji. Anasema nyumba iko "karibu na Chiesa Nuova, ngazi kidogo tu".

#18 Mama Shughuli
"Ngazi kidogo" ya mwenye nyumba wa Positano muombe idadi, kwa maandishi. Na muulize ngazi hizo ni za kupanda au kushuka kutoka barabarani.

#19 Mtoto wa Reli
Basi kesi imekwisha. Chiesa Nuova ndio kituo cha kwanza ukitokea Sorrento. Basi linamshusha mama mlangoni. Boti kwaheri.

#20 Binti Wete
Haijaisha. Kuna basi dogo la ndani ya mji linalozunguka, linapita Piazza dei Mulini kisha linapanda mpaka Chiesa Nuova. Kutoka gatini mpaka Mulini ni kichochoro cha kupanda taratibu chenye maduka, mama anapumzika kila duka. Akifika hapo anakaa kwenye basi.

#21 Mama Shughuli
Taratibu kwa miguu yako wewe. Basi dogo lenyewe Julai limejaa, kigari cha mtoto kikunje. Ila ni kweli lipo na linasaidia.

#22 Dereva Mtulivu
Na basi la SITA msisahau jambo moja. Linaanzia Sorrento, kwa hiyo hapo unapata kiti ukiwahi foleni. Kurudi ndio kazi. Linatokea Amalfi limeshashiba, na basi lililojaa halisimami, linapita. Watu wa Positano wenyewe kurudi Sorrento wanapandia Chiesa Nuova au Sponda?

#23 Mpogoro wa Napoli
Sponda, kwa sababu linafika huko kwanza likitokea Amalfi. Kama kuna nafasi mbili zimebaki zitachukuliwa Sponda, Chiesa Nuova mtaangaliana na dereva kupitia kioo. Kwa hiyo Baba Zuhura, nyumba yako ni nzuri kwa kufika na mbaya kwa kuondoka.

#24 Kisu cha Mkate
Swali la mtu asiyesafiri: Wataliano wana treni zinazokimbia kilomita 300 kwa saa, wameshindwaje kufikisha reli mji maarufu hivyo?

#25 Dereva Mtulivu
Milima. Milima ya Lattari inatumbukia baharini moja kwa moja. Hata barabara kila masika ya mvua kubwa mawe yanaanguka inafungwa. Reli utaiweka wapi?

#26 Mtoto wa Reli
Hapana, milima si sababu. Cinque Terre kule Liguria ni majabali yale yale, na treni inapita chini kwa chini, inachungulia kijiji, inarudi handakini. Reli ya Genova–La Spezia ilikamilika 1874! Tofauti ni kwamba Cinque Terre iko njiani. Ukitaka kwenda Pisa na Roma kutoka Genova lazima upite pwani. Positano haiko njiani kwenda popote. Reli ya Napoli–Salerno ilipita bara, Nocera na Cava de' Tirreni, ikaiacha rasi yote pembeni. Sorrento yenyewe ilisubiri mpaka 1948. Na msiseme hawakujua reli, ya kwanza Italia nzima ilijengwa hapo hapo Napoli, kwenda Portici, 1839.

#27 Shangazi Tumaini
Mimi naona ni idadi ya watu. Mji wenyewe wakazi hawafiki hata elfu tano. Nani achimbe handaki kwa ajili ya wageni wa miezi sita?

#28 Kisu cha Mkate
Au wenye hoteli hawataki. Reli ingeleta kila mtu mwenye euro tano. Sasa hivi ngazi na foleni zinawachujia wateja.

#29 Mpogoro wa Napoli
Kisu cha Mkate wewe kila kitu ni njama. Pwani yote hiyo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, kugonga jiwe tu ni mafaili. Ingawa… hilo la kuchuja wateja nimelisikia kwa wazee wa Napoli pia.

#30 Mtoto wa Reli
1997 ni juzi. Miaka mia na hamsini kabla ya hapo walizuiwa na UNESCO gani?

#31 Malindi Kwetu
Kuna stesheni inaitwa Vietri sul Mare–Amalfi. Msela wangu wa Watamu alikwenda kumtembelea mchumba, akaona jina Amalfi kwenye ubao akashuka kwa madaha. Amalfi yenyewe bado ni basi la kona karibu saa nzima. Kiitaliano anaongea kama maji, ila ramani hakufundishwa.

#32 Binti Wete
Angepanda boti Salerno. Ni mbele kidogo tu kwa treni hiyo hiyo.

#33 Mwanafunzi L'Orientale
Habari zenu. Naandika kutoka Napoli, mimi ni Mtaliano, najifunza Kiswahili chuoni L'Orientale, naomba mnivumilie. Nataka kusema kwamba sisi wa Napoli hatuendi Positano Jumamosi ya Julai. Tunaenda Jumanne, asubuhi sana, au Septemba. Na mama mzee ningempeleka Maiori, pwani hiyo hiyo. Pana ufuo mrefu na barabara tambarare, na boti zinafika.

#34 Malindi Kwetu
Karibu sana! Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha Kisu cha Mkate.

#35 Kisu cha Mkate
😂😂 Sawa. Ila mwenzetu Mtaliano atuambie, reli haikujengwa kwa nini?

#36 Mwanafunzi L'Orientale
Babu yangu anasema ni kwa sababu ya wanasiasa. Lakini babu yangu husema hivyo kwa kila kitu.

#37 Shangazi Tumaini
Kwa wengine watakaosoma uzi huu siku za mbele: mkishukia Napoli Capodichino msiende hata stesheni, kuna basi la Curreri linatoka uwanjani moja kwa moja mpaka Sorrento. Na tangu Julai 2024 uwanja wa Salerno, uliopo Pontecagnano, umeanza tena kupokea ndege za abiria, nyingi za ndani ya Ulaya. Ukiunganisha safari kutoka mji mwingine wa Ulaya angalia kama ipo.

#38 Zeze
Mimi niko nje ya mada kidogo. Kuna ile njia ya miguu, Njia ya Miungu, Sentiero degli Dei. Unapanda basi mpaka Agerola, kitongoji cha Bomerano, unatembea juu ya bahari mpaka Nocelle, halafu Positano unaiona chini yako. Hapo ndio utajua umefika Positano. Ngazi za kuteremka kutoka Nocelle zinapita 1,500.

#39 Mama Shughuli
Zeze mtu kasema mama yake magoti yanauma.

#40 Zeze
Mama abaki na shemeji.

#41 Baba Zuhura
Nimefika nyumbani sasa. Shemeji kajibu: ngazi ni 64, za kushuka kutoka barabarani. Sasa hapo sijui. Kufika mama anashuka, sawa, lakini kila tukitoka anapanda 64.

Nilivyoamua mpaka saa hizi: gari la kukodi nimelitoa, mmeniogopesha vya kutosha. Kwenda tutapita Roma–Napoli kwa treni ya kasi, kisha gari na dereva tuliloagiza mapema, tunagawana na shemeji. Kurudi tutateremka ufukweni na basi dogo, tupande boti mpaka Salerno, treni mpaka Roma. Yaani kwenda juu, kurudi chini. Mama Shughuli, nimeelewa somo?

#42 Mama Shughuli
Umeelewa. Ila siku ya kurudi usipange ndege jioni hiyo hiyo. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na wote waliokuwa wapande boti wanahamia kwenye basi la Sponda.

#43 Kisu cha Mkate
Euro mia na zaidi umelipa kweli?

#44 Baba Zuhura
Analipa shemeji nusu. Na dereva kasema bei ni kwa gari, si kwa kichwa. Tunaondoka Napoli Ijumaa ya pili ya Julai.

#45 Chuma Ulete
Ijumaa? Italia migomo ya usafiri wanaipenda Ijumaa. Tafuta neno sciopero na tarehe yako leo hii, hutangazwa kabla. Treni za mkoa zina saa za kulindwa, saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 mpaka saa 3 usiku, na za kasi kuna orodha ya treni zinazotembea hata siku ya mgomo. Angalia kama yako imo.

#46 Malindi Kwetu
Na dereva aliyeagizwa naye akigoma?

#47 Dereva Mtulivu
Wa binafsi hagomi. Anapandisha bei.